Homa ya Mtoto: Kinachotokea Ndani ya Damu, na Sababu ya Kupima Kabla ya Kutoa Dawa

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika tambarare za Muheza, na maji yakatuama katika mashimo ya kufyatulia matofali, katika nyayo za ng'ombe na kando ya mashamba ya michungwa, wazazi hujua ni msimu gani unaofuata. Mtoto aliyecheza mchana kutwa hulala jioni akiwa na joto, usiku akatetemeka, na kulipopambazuka kauli inayosikika nyumbani huwa ni moja: "Ana malaria." Mara nyingi kauli hiyo huwa ya kweli. Mara nyingi pia huwa si ya kweli, na kosa hilo limewahi kugharimu maisha ya watoto ambao wangeweza kupona.

Makala haya yanaeleza, kwa wakazi wa kata zote za Wilaya, homa ni nini, damu hufanya kazi gani mwilini, vijidudu vinavyoishambulia ni vya aina ngapi, na kwa nini mtoa huduma wa zahanati husisitiza kupima kwanza kabla ya kutoa dawa. Mengi ya maelezo haya yametokana na kazi iliyofanyika hapa hapa Muheza, kwa damu ya watoto wa Muheza.

Homa hutoka wapi

Joto la mwili wa binadamu mwenye afya hukaa karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, awe Amani penye baridi au Muheza mjini wakati wa kiangazi. Linasimamiwa na sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupokea habari za joto kutoka mwili mzima na kutoa amri ya kuliongeza au kulipunguza.

Vijidudu vinapoingia mwilini, chembe nyeupe za damu huvigundua na kutoa kemikali zinazosafiri kwa damu hadi ubongoni. Kemikali hizo huifanya sehemu ile ipandishe kiwango chake, kwa mfano kutoka nyuzi 37 hadi 39. Tangu hapo mwili hujiona kuwa una baridi. Misuli hutikisika ili izalishe joto, na mishipa midogo ya ngozi husinyaa ili joto lisipotee. Ndiyo sababu mtoto hutetemeka na kuomba shuka ilhali paji la uso wake linaunguza. Kiwango kinaposhushwa tena, jasho humtoka.

Kwa hiyo homa ni dalili, na dalili hiyo hutengenezwa na mwili wenyewe unapopambana na adui. Haimtaji adui huyo. Malaria huleta homa. Nimonia huleta homa. Mafua, surua, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo na homa ya uti wa mgongo, yote huleta homa. Kiganja kilichowekwa juu ya paji la mtoto kinaweza kujua kuwa kuna joto, lakini hakiwezi kujua limeletwa na nini.

Jambo la pili ni kwamba dawa ya kushusha joto, kama parasetamo, huigusa ile amri ya ubongoni tu. Haimwui kijidudu yeyote. Mtoto aliyepewa dawa hiyo anaweza kuamka na kucheza kwa saa kadhaa, na mzazi akafarijika, huku vijidudu vikiendelea kuzaana ndani ya damu yake.

Damu na kazi zake

Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 ana takriban mililita 800 tu, kiasi kisichojaza chupa ya lita moja. Udogo huo ndio unaofanya ugonjwa wa damu uende kwa kasi zaidi kwa mtoto kuliko kwa baba au mama yake.

Sehemu kubwa ya damu ni maji yenye chumvi, sukari na protini. Ndani yake huelea chembe za aina tatu. Chembe nyekundu ndizo nyingi zaidi: katika tone dogo mno, lenye ujazo wa milimita moja kila upande, huwamo chembe nyekundu zipatazo milioni 4 hadi 5. Zimejaa himoglobini, protini yenye madini ya chuma, ambayo huchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Rangi nyekundu ya damu hutokana nayo. Chembe nyeupe ni chache zaidi, na kazi yake ni ulinzi: nyingine humeza vijidudu, nyingine hutengeneza kingamwili, nyingine huweka kumbukumbu ya adui aliyekwisha kuonekana. Chembe za tatu ni zile ndogo zinazosaidia damu kuganda mtu anapojikata.

Chembe nyekundu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa na huishi kwa takriban siku 120. Zikizeeka, wengu huzichuja na kuziondoa, nao uboho huzalisha nyingine. Mtoto mwenye afya huwa katika mizani: zinazokufa na zinazozaliwa hulingana. Malaria huivuruga mizani hiyo.

Vijidudu si vya aina moja

Katika mazungumzo ya kila siku neno "vijidudu" hubeba viumbe vyote visivyoonekana kwa macho. Kwa tiba, viumbe hivyo ni jamii tofauti, na tofauti zao ndizo zinazoamua dawa.

Virusi ndivyo vidogo kuliko vyote. Havina uhai wa kujitegemea. Huingia katika chembe ya mwili na kuilazimisha itengeneze virusi vingine. Mafua, surua na aina nyingi za kuhara kwa watoto huletwa na virusi. Dawa za kuua bakteria hazivigusi kabisa, kwa sababu hazikuti kwa virusi kile zinachokusudiwa kukibomoa.

Bakteria ni viumbe vya chembe moja vinavyojitegemea. Wengi hawana madhara, na mamilioni kwa mamilioni huishi katika utumbo wa binadamu na kumsaidia. Wachache huleta maradhi, kama nimonia, homa ya matumbo na kipindupindu. Wakipata joto na chakula cha kutosha, baadhi yao huweza kugawanyika maradufu kila baada ya dakika 20. Hao ndio wanaotibiwa kwa viuavijasumu kama amoksilini.

Kimelea cha malaria si kirusi wala si bakteria. Ni kiumbe cha chembe moja chenye maumbile magumu zaidi, na hutibiwa kwa dawa zake chenyewe. Aina iliyoenea Muheza, na iliyo hatari kuliko zote, huitwa kwa jina la kisayansi Plasmodium falciparum. Amoksilini haiponyi malaria, nayo dawa mseto ya malaria haiponyi nimonia.

Safari ya kimelea cha malaria

Kimelea huingia mwilini kwa mate ya mbu jike wa aina ya Anofelesi, ambaye huuma hasa usiku. Baada ya muda mfupi tu kimekwisha kujificha ndani ya ini. Huko hukaa takriban wiki moja bila mtoto kuhisi lolote, kikijigawa hadi kimelea kimoja kikawa maelfu mengi. Hii ndiyo sababu homa ya leo hutokana na mbu aliyeuma siku 10 au zaidi zilizopita, wala si mbu wa jana.

Vinapotoka katika ini, vimelea huvamia chembe nyekundu. Kila kimoja huingia ndani ya chembe, hula himoglobini yake, hujigawa, na baada ya takriban saa 48 chembe hiyo hupasuka na kutoa vimelea vipya zaidi ya 10, pengine 20 au 30. Kupasuka huko kwa wingi ndiko kunakowasha homa.

Hesabu yake ni nyepesi, nayo yafaa ikumbukwe. Tuseme ni vimelea 10 tu kati ya vinavyotoka ndivyo vinavyofaulu kuingia katika chembe nyingine. Kimelea kimoja huwa 10 baada ya siku 2, huwa 100 baada ya siku 4, na 1,000 baada ya siku 6. Mzazi anayesubiri siku mbili "aone kama joto litashuka" huwapa vimelea nafasi ya kuongezeka mara kumi. Kwa mtu mzima aliyekulia tambarare, ambaye mwili wake umejenga kinga kwa miaka mingi, ongezeko hilo hudhibitiwa mapema. Mtoto aliye chini ya miaka 5 bado hana kinga hiyo. Mjamzito kinga yake hupungua, na watu wa milimani wanaoteremka bondeni mara chache huwa nayo kidogo.

Weupe wa viganja, pumzi za haraka na degedege

Malaria hupunguza damu kwa njia tatu kwa pamoja. Chembe zilizovamiwa hupasuka. Wengu, katika juhudi za kusafisha, huondoa pia chembe nyingi ambazo hazikuvamiwa. Nao uboho wa mifupa hudhoofika na kushindwa kujaza pengo. Mtoto aliyekuwa na himoglobini ya gramu 11 katika kila desilita ya damu anaweza kushuka chini ya gramu 5, kiwango kinachohesabiwa kuwa upungufu mkali wa damu.

Mzazi anaweza kuuona upungufu huo bila chombo chochote. Afungue kiganja cha mtoto na kukilinganisha na chake mwenyewe, kisha ashushe kidogo kope la chini na kutazama ndani. Mahali palipopaswa kuwa pekundu pakiwa peupe, damu imepungua. Mtoto huyo pia hupumua haraka, kwa kuwa mapafu na moyo hujitahidi kufidia kwa mwendo kile ambacho damu imekosa kwa wingi. Kupumua haraka kwaweza pia kuwa dalili ya nimonia, na ni mtoa huduma aliyefunzwa anayeweza kutofautisha.

Kimelea cha aina hii kina hila nyingine. Chembe nyekundu kilizozivamia huota vinundu vidogo juu ya ngozi yake, zikanata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu badala ya kupita katika wengu na kuchujwa. Zikinata katika mishipa ya ubongo, damu haipiti vizuri. Sukari ya mwilini nayo huweza kushuka mno. Mtoto hupoteza fahamu, au hukakamaa na kutikisika mwili mzima.

Hali hiyo ndiyo inayojulikana kama degedege. Tangu zamani, katika jamii nyingi za mwambao, degedege limehesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake unaotokana na pepo, na wako waliofikishiwa onyo kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Wazee walikuwa sahihi kwamba hali hiyo ni ya kutisha na huua upesi. Sababu yake, hata hivyo, imo ndani ya damu na ubongo: malaria kali, au homa ya uti wa mgongo, au joto la ghafla linalotokana na maambukizi mengine. Zote zahitaji kituo cha tiba mara moja. Wakati mtoto anatikisika, alazwe ubavu, asitiwe chochote kinywani, wala kijiko wala dawa, na safari ya kwenda hospitalini ianze.

Kuhusu sindano, ushahidi upo. Kati ya watoto 5,425 wenye malaria kali waliotibiwa katika utafiti uliohusisha vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, Hospitali Teule ya Muheza ikiwa miongoni mwao, nusu walipewa kwinini na nusu wakapewa sindano ya atesuneti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliofariki katika kundi la kwinini walikuwa asilimia 10.9, na katika kundi la atesuneti asilimia 8.5. Kwa maneno mengine, kwa kila watoto 100 waliotibiwa kwa sindano hiyo mpya, wawili zaidi walirudi nyumbani na mama zao. Atesuneti sasa ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali. Sindano hiyo haimwui mtoto mwenye degedege la malaria. Kuchelewa kuipata ndiko kunakomweka hatarini.

Malaria inapowafungulia bakteria mlango

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na Muheza ni mojawapo ya mahali lilipoonekana kwa uwazi. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bakteria hatari ndani ya damu kwa wakati mmoja.

Chembe nyekundu zinapopasuka kwa wingi, chembe nyeupe hulazimika kumeza mabaki yake. Zikishashughulishwa na kazi hiyo, uwezo wake wa kuua baadhi ya bakteria hupungua. Wanaonufaika zaidi ni jamii ya salmonela isiyo ya homa ya matumbo, ambayo kwa kawaida huishia utumboni na kuleta kuhara tu. Kwa mtoto aliyedhoofishwa na malaria na upungufu wa damu, bakteria hao huvuka ukuta wa utumbo na kuingia katika mkondo wa damu.

Watafiti waliolinganisha watoto waliolazwa Muheza na waliolazwa Moshi, ambako malaria ni kidogo, waliona tofauti hiyo. Salmonela iliyopatikana katika damu za watoto wa Muheza ilikuwa zaidi ya aina hii inayoandamana na malaria. Kule Moshi ilikuwa zaidi ile ya homa ya matumbo. Hivyo chandarua kinachozuia mbu humkinga mtoto pia dhidi ya bakteria ambao hawabebwi na mbu hata kidogo.

Somo la hospitali za kaskazini mashariki

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu zao zilipopimwa upya kwa uangalifu, vimelea vya malaria vilionekana kwa wagonjwa 2,062 tu, yaani asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa ugonjwa ambao haukuonekana katika damu yao.

La kusikitisha zaidi lilikuwa katika vifo. Kati ya wale waliokuwa na vimelea, asilimia 6.9 walifariki. Kati ya wale wasiokuwa na vimelea, asilimia 12.1 walifariki. Waliodhaniwa kuwa na malaria bila kuwa nayo walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili. Jina la malaria lilikuwa limewafunika wagonjwa hao, na ugonjwa uliokuwa ukiwaua haukutafutwa kwa bidii iliyostahili.

Miaka michache baadaye, katika Hospitali Teule ya Muheza, watoto 3,639 waliolazwa kwa homa walipimwa damu kwa malaria na kwa bakteria pia. Watoto 2,195 walikuwa na vimelea vya malaria. Watoto 341, karibu mmoja katika kila 10, walikuwa na maambukizi makali ya bakteria, na baadhi yao walikuwa na vyote viwili. Tafiti hizi na nyingine za namna hiyo zilisaidia kubadili taratibu za tiba. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na utaratibu huo ndio unaofuatwa leo na vituo vya tiba nchini.

Kipimo hufanyaje kazi

Vipo vipimo viwili vikuu. Cha kwanza ni hadubini: tone la damu hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na mtaalamu wa maabara huvitafuta vimelea kwa jicho na kuvihesabu. Cha pili ni kipimo cha haraka, mRDT, kinachopatikana hata katika zahanati isiyo na umeme. Tone moja la damu ya kidole huwekwa juu ya kijisanduku chenye karatasi maalumu. Kama damu ina protini inayotolewa na vimelea, protini hiyo hunaswa na karatasi na mstari hutokea. Majibu hupatikana kwa takriban dakika 15 hadi 20.

Wakazi wengi huuliza maswali mawili kuhusu kipimo hicho. La kwanza: kwa nini mtoto aliyekwisha kutibiwa na kupona huonyesha bado ana malaria? Sababu ni kwamba protini ile huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa. Kwa hiyo ni muhimu mzazi amweleze mtoa huduma kama mtoto alitumia dawa ya malaria hivi karibuni, na atakapoulizwa aonyeshe pakiti yake. La pili: kipimo kikisema hakuna malaria na mtoto bado anaungua, je, kimekosea? Mara nyingi hakikukosea. Kimejibu swali moja tu kati ya mengi, na kazi inayobaki ni kumtafuta adui mwingine: kuhesabu pumzi, kuchunguza masikio, koo, mkojo na shingo. Kumshinikiza mtoa huduma atoe "dawa ya malaria hata hivyo" ni kurudia kosa lilelile la mwaka 2004.

Dawa zinavyopoteza nguvu

Kosa la kutibu bila kupima lina gharama nyingine, nayo ni usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Katika mamilioni ya vimelea, wachache huweza kuzaliwa na mabadiliko yanayowawezesha kustahimili dawa. Dawa ikitumiwa ovyo au nusu dozi, wale dhaifu hufa, wale sugu hubaki, nao ndio wanaozaana.

Muheza ilishuhudia jambo hilo mapema kuliko sehemu nyingi za dunia. Kitengo cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki kilianzishwa hapa mwaka 1949, kikahamia Amani mwaka 1951, na kazi yake huendelezwa leo na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kupitia kituo chake cha Amani. Katika miaka ya 1950 wakazi wa Mkuzi walipewa dawa ya pirimethamini ili kuzuia malaria. Haikuchukua muda mrefu vimelea vya eneo hilo vikawa sugu kwa dawa hiyo. Baadaye klorokwini nayo ikashindwa, ikaondolewa mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria nchini. Dawa ya SP iliyochukua nafasi yake haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ALu.

Dawa mseto huunganisha dawa mbili. Ya kwanza huua vimelea vingi kwa haraka sana, na ndiyo inayomfanya mtoto achangamke siku ya pili. Ya pili hufanya kazi polepole na kukaa mwilini siku nyingi ili kumaliza mabaki. Dozi yake ni mara 6 kwa siku 3: dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Inywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, kwa mtoto mchanga maziwa ya mama, kwa kuwa mafuta huisaidia kuingia katika damu. Anayekatisha dozi kwa sababu mtoto ameanza kucheza huyaacha hai mabaki yaleyale yanayozaa usugu. Kanuni hiyohiyo yahusu viuavijasumu vinavyonunuliwa dukani vidonge viwili viwili kwa kila kikohozi.

Mambo ya kufanya nyumbani na kituoni

Mtoto akipata homa, afikishwe katika zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, na isipite saa 24. Parasetamo na kumpunguzia nguo vyaweza kumpa nafuu akiwa njiani, navyo visichukuliwe kuwa tiba. Aendelee kunyonya na kunywa.

Zipo dalili zinazomtaka apelekwe bila kungoja hata saa moja, iwe mchana au usiku: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, analegea, hana fahamu au haamki, viganja vyake ni vyeupe, anapumua haraka au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, shingo imekakamaa, mkojo wake umekuwa mwekundu au mweusi kama kahawa.

Mzazi achukue kadi ya kliniki na pakiti za dawa zote alizokwisha kumpa mtoto, zikiwamo za mitishamba kama anaweza kuzitaja. Kabla hajaondoka kituoni ana haki ya kuuliza mambo matatu: kipimo kimeonyesha nini, kama si malaria, ni ugonjwa gani unaotibiwa, na ni dalili zipi zikitokea amrudishe mtoto. Mtoto aliyetibiwa ambaye homa yake haijakoma baada ya siku 2 arudishwe, hata kama dawa bado hazijaisha.

Kinga hubaki kuwa nafuu kuliko tiba. Chandarua chenye dawa kitumike usiku wote, mwaka mzima, kwanza kwa watoto na wajawazito. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema ili apate dozi za SP za kumkinga na malaria. Dawa hiyo, ijapokuwa haitumiki tena kama tiba ya kwanza, bado ina kazi hiyo. Ratiba ya chanjo ikamilishwe. Chanjo dhidi ya bakteria wa Hib, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009, na ile ya bakteria wa nimonia iliyozinduliwa Desemba 2012, huzionyesha chembe nyeupe sura ya adui kabla hajafika, ili siku atakapokuja zimtambue mara moja.

Mhenga alisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mtoto mwenye homa, ufa huzibwa kwa tone moja la damu ya kidole, katika siku ya kwanza.